Mikate 80 kwa kikombe kimoja cha chai? Tuelewane kuhusu hii kalori

Kadutu_Swali (Bukavu)
Jambo wote. Kitabu cha fizikia cha sekondari kinasema kalori moja ni joto linalopandisha gramu moja ya maji kwa digrii moja. Mkate wa gramu 100 nao unasemekana una kalori 250. Nimepiga hesabu: kalori 250 zinapasha gramu 250 za maji, yaani kikombe kimoja, kwa digrii moja tu. Kukitoa kikombe hicho digrii 20 hadi 100 nitahitaji mikate 80. Mikate 80 kwa kikombe kimoja cha chai! Kosa liko kwenye kitabu au kwenye mkate?

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Kitabu kiko sawa na kugawanya kwako kuko sawa. Kilichokupoteza ni jina moja linalobebwa na vipimo viwili.

Kalori ndogo, cal, ni gramu moja ya maji kwa digrii moja. Kalori kubwa, kcal, ni kilo moja ya maji kwa digrii moja. Kubwa moja ni ndogo 1,000. Watu wa chakula wanapima kwa kubwa, ila mdomoni wanaikata jina: wanaandika kcal, wanatamka "kalori". Mkate wako una kcal 250, maana yake kalori ndogo 250,000.

Kosa la pili ni dogo, lakini kwetu Kivu ni la kila siku. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na maji yanachemka karibu na digrii 95, si 100. Kutoka 20 ni digrii 75. Gawanya 250,000 kwa 75, unapata gramu 3,333. Mkate huo ukiungua wote, na joto lake lote likaingia majini bila kupotea, unachemsha lita tatu na theluthi moja. Chai ya nyumba nzima, na jirani akipita anapata.

Nicolas Clément, alipofundisha Paris miaka ya 1820, kalori yake ilikuwa ya kilo ya maji. Alikuwa anahesabu joto la mashine za mvuke, gramu ingemfaa nini? Ya gramu iliingia baadaye kwa wanakemia, na kwa muda kila mtu akawa anaita yake "kalori". Mwaka 1879 Marcellin Berthelot alijaribu kuzitenganisha: herufi ndogo kwa ndogo, herufi kubwa kwa kubwa. Herufi kubwa inaonekana kwenye karatasi, mdomoni haisikiki. Njo maana mpaka leo tunaulizana.

Frigo_Katuba (Lubumbashi)
Mwalimu, ongeza termi. Ni kcal 1,000, kalori ndogo milioni moja. Vitabu vya zamani vya Kifaransa vya matanuri na mafuta ya kuchoma vimejaa hiyo. Ukiisoma kama kcal tanuri lako litakuwa dogo mara elfu. Frigori nitaileta baadaye.

Barafu_Tupu (Goma)
Samahani, nimesoma kwamba ukinywa lita moja ya maji ya friji mwili unaunguza kalori 32,000 kuyapasha. Kama ni kweli, mtu akinywa lita mbili kwa siku si atakonda wiki moja?

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Ni mtego uleule umegeuzwa upande. Gramu 1,000 za maji kutoka digrii 5 hadi 37 ni digrii 32, kweli kalori 32,000, lakini ndogo. Kwa lugha ya chakula ni kcal 32. Kijiko cha chai cha mafuta kina karibu kcal 40. Lita nzima ya maji baridi haifuti kijiko kimoja cha mawese.

Ukikutana na tarakimu ya kalori iliyo kubwa mno au ndogo mno, kabla ya kubishana igawe au izidishe kwa 1,000 uone kama inaingia akilini.

Labo_Lushi (Lubumbashi)
Niingie kwenye 4.18 inayokaririwa shuleni, yaani idadi ya jouli (kipimo kingine cha nishati) zilizo kwenye kalori ndogo moja, maana wengi wanaishika kama Amri Kumi. Maji hayadai joto lilelile kwa kila digrii. Karibu na 0 yanadai zaidi kidogo, dai linashuka mpaka karibu na digrii 35, kisha linapanda tena. Tofauti haifiki asilimia moja, lakini ilitosha kuzaa kalori kadhaa. Ya kutoka digrii 14.5 hadi 15.5 ni jouli 4.1855. Ya digrii 20 ni karibu 4.182. Ile ya majedwali ya kimataifa ya mvuke ni 4.1868. Ya wanakemia ilikatwa iwe 4.184 kamili, haimwulizi tena maji joto lake. Mwaka 1948 mkutano mkuu wa vipimo na mizani ulichukua jouli kuwa kipimo cha joto, na tangu hapo kalori ni mgeni anayeishi kwa kutafsiriwa. Kwa chakula tumia 4.184, kwa boila na mvuke angalia jedwali lako limetumia ipi, na usichanganye mbili kwenye hesabu moja.

Sasa ile "bila kupotea" ya Mwalimu. Inapatikana wapi? Kwenye kalorimita ya bomu, chombo cha kupima joto la kitu kinachoungua. Ni kopo nene la chuma cha pua lenye kifuniko cha kukaza. Unachukua sampuli iliyokaushwa na kusagwa, karibu gramu 1, unaikandamiza iwe kidonge. Unga usiokandamizwa unarushwa na oksijeni, unabandika ukutani bila kuungua, na jibu linashuka. Kidonge kinakaa kwenye kikombe kidogo, waya wa kuwashia wa sentimita 10 unakigusa juu, mililita 1 ya maji inawekwa chini. Funga, jaza oksijeni polepole hadi baa 25 au 30 (baa moja ni karibu shinikizo la hewa ya kawaida). Ukifungua valvu kwa pupa, kidonge kinapeperuka.

Bomu linaingia kwenye ndoo yenye maji gramu 2,000. Gramu kwa mizani, si lita kwa jicho. Koroga dakika 5 ili kila kitu kiwe na joto moja, andika halijoto kila dakika, washa, endelea kuandika mpaka ipande na kutulia.

Kabla ya chakula unapima chombo chenyewe kwa asidi benzoiki, kwa sababu joto lake linajulikana: jouli 26,434 kwa gramu, yaani kalori 6,318. Waya nao unaungua, karibu kalori 2.3 kwa sentimita. Pima kipande kilichobaki, toa, tuseme umepata 20. Jumla 6,338. Maji yakipanda digrii 2.62, kila digrii ya chombo hicho ina thamani ya kalori 2,419. Angalia hapo: 2,000 ni za maji, 419 ni za chuma, ndoo na kikorogeo. Anayesahau hizo 419 anakosea kwa zaidi ya asilimia 17, na wanafunzi wengi wanazisahau.

Tuseme sasa unga wa mahindi mkavu, gramu 1, umepandisha digrii 1.80. Mara 2,419 ni 4,354, toa 20 za waya, zimebaki 4,334. Kcal 4.3 kwa gramu.

Makosa ya kawaida: masizi meusi ndani ya bomu maana yake oksijeni haikutosha au ilivuja, jaribio hilo tupa, usilirekebishe kwa hesabu. Kwa kazi ya uhakika suuza ndani na upime asidi ya nitriki iliyozaliwa na hewa iliyobaki, nayo ina kalori zake chache. Na kwenye nyuzi za kifuniko au vali ya oksijeni usipake grisi wala mafuta hata tone. Oksijeni ya baa 30 na mafuta havikai pamoja, vinalipuka.

Kadutu_Swali (Bukavu)
Aksanti sana Labo. Lakini pakiti ya unga wa mahindi inaandika karibu kcal 360 kwa gramu 100, yaani 3.6. Bomu linasema 4.3. Nani anatudanganya?

Mama_Lishe (Goma)
Hakuna anayedanganya, wanapima vitu viwili. Kwanza unga wa dukani si mkavu, unaweza kuwa na maji asilimia 12. Zidisha 4.3 kwa 0.88, unashuka hadi 3.8. Kinachobaki ni tumbo. Bomu linaunguza kila kitu, hata nyuzinyuzi. Tumbo halifanyi hivyo.

Aliyeiweka sawa ni Wilbur Atwater, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Chukua protini. Kwenye bomu gramu moja inatoa karibu kcal 5.65. Mwilini haiungui yote, sehemu inatoka kwenye mkojo kama urea, ambayo bado ingeweza kuungua: toa 1.25, zinabaki 4.4. Kisha karibu asilimia 8 haisagwi, inatoka chooni. 4.4 mara 0.92 ni 4.05. Wakaandika 4. Mafuta 9.4 mara 0.95, wakaandika 9. Wanga 4.1 mara 0.97, wakaandika 4. Pombe ni 7, nyuzinyuzi siku hizi zinapewa 2.

Kwa hiyo tarakimu ya pakiti kwa kawaida haijatoka kwenye moto. Ni gramu za protini, mafuta na wanga zilizozidishwa 4, 9 na 4. Hizo ni wastani wa chakula mchanganyiko, si sheria ya kila punje. Karanga nzima zisizotafunwa vizuri zinapita na mafuta yao ndani, na ukizisaga ziwe siagi mwili unapata zaidi kutoka gramu zilezile.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni la bukari (ugali). Mtu anachukua kcal 360 za unga usiopikwa anaziweka kwenye gramu 100 za bukari iliyoiva. Hapana. Gramu 200 za unga zina kcal 720. Zisonge na maji gramu 500, tuseme gramu 50 zimekwenda na mvuke, sahani inabeba gramu 650. 720 kwa 650 ni kcal 1.1 kwa gramu, yaani 110 kwa gramu 100. Maji hayana kalori, yanaongeza uzito tu. Ukiifanya laini zaidi inashuka chini ya hapo, ukiifanya ngumu inapanda. Pima unga kabla ya kuusonga. Na pima kwa mizani: kopo moja la unga wa muhogo uliomwagwa hivihivi na kopo lilelile lililogongwagongwa mezani hayana gramu sawa, kila mama wa soko anajua.

Mafuta ya mawese: kijiko kikubwa ni mililita 15, gramu karibu 13.6, kcal 120. Sahani ya sombe (majani ya muhogo) inayong'aa mafuta inaweza kubeba kalori nyingi kwenye mawese kuliko kwenye majani yote.

Docta_wa_Zamu (Goma)
Mama Lishe, waeleze na F-75, maana wazazi wanauliza zile namba ni nini.

Mama_Lishe (Goma)
Ni kalori zenyewe, Docta. Maziwa ya matibabu F-75 yana kcal 75 kwa mililita 100, F-100 yana kcal 100 kwa mililita 100. Mtoto wa kilo 6 mwenye utapiamlo mkali, asiye na uvimbe mkubwa, siku za kwanza anapewa mililita 130 kwa kilo kwa siku: 780, sawa na kcal 585. Zikigawanywa milo minane, kila saa tatu, ni karibu mililita 100 kwa mlo. Pakiti ya siagi ya karanga ya matibabu ya gramu 92 ina kcal 500.

Wazazi wanauliza kwa nini asianze na F-100 yenye kalori nyingi apone haraka. Kwa sababu siku hizo ini, figo na moyo wa mtoto haviwezi kubeba protini na chumvi nyingi, na kumlisha kwa nguvu kunaweza kumuua. Kalori inasema kuna nishati kiasi gani, haisemi mwili uko tayari kuipokea. Unga ukichanganywa na maji pungufu, F-75 inakuwa kitu kingine kabisa kwenye kikombe kilekile, ndiyo sababu unapimwa kwa kijiko chake na maji kwa chombo chenye alama. Kazi hii inafanywa kwenye kituo cha afya, si nyumbani.

Kwa mtu wa kambini, kiwango cha dharura ni kcal 2,100 kwa siku, wastani wa watu wa umri wote. Mgao wa mfano: unga wa mahindi gramu 400 (1,440), maharagi gramu 60 (204), mafuta gramu 25 (221), unga wa mahindi na soya gramu 50 (190), sukari gramu 15 (60). Jumla 2,115. Sasa toa yale mafuta, gramu 25 tu, kifuniko cha chupa mara chache: unashuka hadi 1,894. Ili uzirudishe kwa unga unahitaji gramu 61 zaidi. Mafuta yakikosekana kwenye mgao pengo ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye gunia.

Labo_Lushi (Lubumbashi)
Nyongeza fupi: kcal 2,100 kwa siku, ukigawa kwa sekunde za siku, ni wati 102. Mtu anawaka kama ampuli (balbu) ya zamani ya wati 100, mchana na usiku. Chumba cha watu 30 bila dirisha ni kama hita ya kilowati 3.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Kwa walimu wasio na bomu: karanga moja, kopo tupu la maziwa au la nyanya, temometri, sindano. Mizani ya shule haifai, inasoma gramu nzima. Tafuta ile ya wanunuzi wa dhahabu inayosoma 0.01, mjini hazikosekani.

Pima karanga mbichi iliyokauka: gramu 0.60. Ichome sindano, simika sindano kwenye kipande cha udongo. Kopo lenye maji gramu 100 lining'inie sentimita 2 juu yake. Washa karanga kwa kiberiti pembeni, si chini ya kopo, maana kiberiti nacho kina joto. Ikishashika isukume chini ya kopo. Ikizima, koroga maji, soma, kisha pima mabaki: 0.08. Iliyoungua ni 0.52.

Maji yamepanda digrii 9, tuseme. Kopo la chuma la gramu 50 ni sawa na maji gramu 5.5, kwa kuwa chuma kinadai 0.11 ya joto linalodaiwa na maji ya uzito uleule. 105.5 mara 9 ni kalori 950, yaani kcal 0.95. Gawa kwa 0.52: kcal 1.8 kwa gramu. Kitabu kinasema karibu 5.7. Umekamata theluthi tu!

Na hapo ndipo somo lenyewe liko, usiifiche theluthi hiyo kwa wanafunzi. Joto lingine limepita pembeni ya kopo, limebaki kwenye masizi, limekwenda na upepo. Zungushia bati lenye matundu chini, utaona jibu linapanda. Anza na maji yaliyo digrii 4 au 5 chini ya joto la chumba, yaishie digrii 4 au 5 juu yake: yanachoazima mwanzoni kutoka kwenye hewa yanakirudisha mwishoni. Yale mabaki meusi nayo ni makala (mkaa) yenye nishati, kwa hiyo 0.52 si sahihi kabisa. Fungua madirisha, na uliza kwanza kama kuna mtoto anayedhuriwa na karanga.

Temometri: msiisahihishe kwa maji yanayochemka mkidhani ni 100. Itasoma karibu 95 mkadhani ni mbovu. Tumieni barafu inayoyeyuka, 0 ni 0 Goma, Bukavu, Lushi na ufukweni.

Mbabula_Birere (Goma)
Hiyo theluthi ya Mwalimu ni nzuri, mbabula (jiko la makala) wetu wa kawaida haufiki. Twende kwenye makala.

Kilo ya makala makavu ina karibu kcal 7,000. Sufuria ya alumini ya kilo 1 yenye maji lita 5, kutoka digrii 20 hadi 95: maji yanataka kcal 375, sufuria 16 (alumini inadai 0.215). Jumla 391. Mbabula wa bati ulio wazi unaingiza kwenye sufuria asilimia 15 hadi 20. Chukua 18: kila kilo ya makala inakupa 1,260 zenye faida, kwa hiyo gramu 310 za makala kuchemsha maji hayo. Mbabula wenye udongo ndani, ulioshika sufuria vizuri, ukifika asilimia 30 unatumia gramu 186.

Hapo bado hujapika maharagi. Watu wanafikiri kazi kubwa ni kuchemsha. Kazi kubwa ni mvuke. Kila lita ya maji inayotoka kama mvuke inabeba karibu kcal 540. Chungu cha maharagi kilichoachwa wazi kikitoa lita mbili, ni kcal 1,080, karibu mara tatu ya zile za kuyafikisha kuchemka. Halafu anaongeza maji baridi, anaanza tena. Funika. Moto mkali wa kutokota kwa fujo hauivishi haraka: maji ya Goma yakishafika 95 hayapandi tena hata ukiweka gunia zima, unanunua mvuke tu. Punguza hewa ya chini mpaka yatokote taratibu. Kuloweka usiku kunapunguza saa. Anayetaka kupita 95 atafute sufuria ya presha, hakuna njia nyingine kwenye urefu huu.

Makala yaliyonyeshewa: kwenye kilo, asilimia 10 ikiwa maji, makala halisi ni gramu 900, kcal 6,300, halafu 60 hivi zinatumika kukausha hayo maji. Zimebaki 6,240. Hasara kubwa si moto wa kukausha, ni kwamba umelipia maji kwa bei ya makala.

Kadutu_Swali (Bukavu)
Na réchaud (jiko) ya umeme? Mita inahesabu kilowati-saa, si kalori.

Mbabula_Birere (Goma)
Kilowati-saa moja ni kcal 860. Zile 391 ni kilowati-saa 0.455. Réchaud ya sahani inaingiza karibu asilimia 60, basi mita itasoma 0.76. Kwa wati 1,000 ni dakika 46. Lakini voltiji ikishuka kutoka 220 hadi 170, nguvu inashuka kwa mraba wake: 170 gawa kwa 220, zidisha kwa yenyewe, 0.6. Wati 600. Dakika zinakuwa 76, na kwa kweli zaidi, kwa sababu sufuria inapoteza joto muda wote huo. Mita haikuibii hapo, muda ndio unaoiba.

Labo_Lushi (Lubumbashi)
Mbabula, ukilinganisha na gesi angalia wanataja kalori ya juu au ya chini. Bomu linarudisha mvuke kuwa maji, kwa hiyo linatoa ya juu. Jikoni mvuke unakimbia, unapata ya chini. Metani, hiyo iliyo chini ya Ziwa Kivu lenu, mita moja ya ujazo ni karibu kcal 9,500 ya juu na 8,550 ya chini. Asilimia 10 ya tofauti bila mtu yeyote kudanganya. Kwa makala tofauti ni ndogo sana, hayana haidrojeni ya kutosha kutengeneza maji.

Frigo_Katuba (Lubumbashi)
Zamu yangu. Frigori ni kcal moja inayotolewa badala ya kuingizwa. Mafundi wa friji waliojifunza kwa Kifaransa bado wanaitumia: frigori 1 kwa saa ni wati 1.163. Klimatizeri (kiyoyozi) ya BTU 9,000 kwa saa, BTU ikiwa kipimo cha joto cha Kiingereza, ni frigori 2,268 kwa saa.

Mteja anataka kugandisha lita 20 za maji. Kuyashusha kutoka 25 hadi 0: 20 mara 25, frigori 500. Kuyagandisha: 20 mara 80, frigori 1,600. Barafu kutoka 0 hadi −10 inadai nusu ya maji: 100. Jumla 2,200. Friza inayotoa wati 250 za baridi inatoa frigori 215 kwa saa, basi saa 10 na kidogo, bila kufungua mlango. Angalia zilivyogawanyika: temometri ikishafika 0 inasimama hapohapo zaidi ya saa saba, na mteja anapiga simu kusema friza imekufa. Haijafa, inalipa zile 1,600.

Wati 250 za baridi si wati za umeme zilizoandikwa nyuma ya friza. Kompresa inasukuma joto, hailitengenezi, kwa hiyo inaweza kula umeme wati 150 na kutoa baridi ya 250. Anayechukua wati za kibandiko akazigeuza frigori moja kwa moja anapata saa nyingi kuliko kweli.

Kadutu_Swali (Bukavu)
Nina pakiti ya biskuti hapa. Kwa gramu 100: protini 7, mafuta 16, wanga 70, nyuzinyuzi 3. Imeandikwa 1925 kJ (kilojouli, yaani jouli elfu elfu), 458 kcal. Nikizidisha 458 kwa 4.184 napata 1,916. Kuna 9 zimezidi.

Mama_Lishe (Goma)
Umepiga vizuri. Hawakuzidisha kwa 4.184. Kila kirutubisho kina tarakimu yake ya kJ iliyokatwa kivyake: protini na wanga 17, mafuta 37, nyuzinyuzi 8. Fanya: 119, 592, 1,190, 24, jumla 1,925. Na kcal: 28, 144, 280, 6, jumla 458. Tarakimu zote mbili ni sahihi kwa kanuni yake, 9 ni mabaki ya kukata desimali.

Tofauti ikifika asilimia 2 au 3, hapo uliza. Na geuza pakiti uone kama zile namba kubwa za mbele ni za gramu 100 au za biskuti tatu.